Bata wa Taulo

Hoteli imeturudisha nyumbani kwa karatasi moja,
imekunjwa mara tatu, mhuri umekaa upande.
"Mpaka hali itakapotengemaa," imesema.
Haikusema itatengemaa kwa nani.

Miaka tisa nimekunja taulo zikawa bata,
shingo ndefu, mdomo chini, wawili wawili
juu ya shuka nyeupe za watu wanaoondoka kesho.
Leo nimekaa chumba cha tatu kushoto, Mburahati,
mikono imelala mapajani kama wageni
wasioonyeshwa pa kukaa.

Mwanangu anaitwa Sikudhani.
Jina la bibi yake; siku hizi ni kauli ya mtaa mzima.
Shule imefungwa, daftari limejaa hadi kwenye jalada,
sasa anaandika hesabu kwa mkaa, ukutani, kwenye korido:
vyumba sita, watu kumi na tisa, choo kimoja,
kaa mbali na mwenzako mita moja na nusu.
"Mama, haigawanyiki."
Nimeangalia. Kweli haigawanyiki.

Mvua ya masika inapiga bati. Redio ya Ndimbo kinyozi
inataja idadi, halafu tangazo la sabuni, halafu idadi.
Wateja hawaji; anajinyoa mwenyewe kila asubuhi,
wembe usije ukamsahau.
Korido nzima inanuka tangawizi na mchaichai.
Mtu anatoka chini ya blanketi, jasho likimtiririka,
akiapa amepona ugonjwa ambao hakuwa nao.
Tunacheka. Kisha mmoja anakohoa,
kicheko kinakatika kama umeme wa LUKU, bila kuaga.

Nisiseme uongo: kuna usiku nimepima unga kwa kikombe,
nikawaonea wivu wenye mageti,
maana "kaa nyumbani" ni neno tamu
kwa aliye na nyumbani pa kukaa.
Sisi tuna mlango, na mlango una pazia,
na pazia linajua yote yasemwayo chumba cha nne.

Chumba cha nne ni cha Tusajigwe, nesi.
Anarudi saa nne usiku, haingii.
Anasimama uani, viatu mkononi,
kama mtu aliyekuja kudai akalisahau deni.
Wiki ya kwanza Bi Mwahija mwenye nyumba alimtaka ahame.
Alisema kwa upole, huku amekishika kitasa.
Tusajigwe hakujibu. Alioga maji baridi gizani,
meno yake tukayasikia hadi chumba cha sita.

Kesho yake palikuwa na ndoo ya maji moto uani,
imefunikwa sinia.
Hakuna aliyeuliza nani kaweka.
Keshokutwa ndoo nyingine, ya bluu;
halafu ile ya Ndimbo, ufa umezibwa kwa sabuni.
Ikawa zamu, bila kikao.
Juzi nimeona sinia la maua,
lile la harusi ya Bi Mwahija, lisiloazimwa.

Jana ikawa zamu yetu.
Nilichemsha kwa mkaa wa chai ya asubuhi.
Sikudhani akaniletea taulo, ile moja nzima:
"Mama, mfanye bata."
Kunja hapa. Viringisha. Inua shingo.
Mikono ikakumbuka kabla yangu.
Taulo imechakaa, shingo haikusimama sawasawa;
bata akakaa juu ya sinia kichwa upande,
kama anayesikiliza.

Saa nne. Komeo. Kimya.
Tumezima taa, tunachungulia.
Tusajigwe alimtazama bata muda mrefu
mpaka nikaogopa maji yatapoa.
Kisha akamkunjua,
maana taulo ni ya kujifutia.

Na kutoka bafuni, katikati ya maji na mvua,
tukamsikia akilia kama bata,
mara moja tu,
kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka.

Sikudhani akamwitikia.
Kisha, sijui nani, chumba cha sita.